UZI: Ichiro Suzuki, mlinzi wa upande wa kulia aliyewagombanisha watu kwa hesabu

Mzee wa Kona (mleta uzi)

Wakuu, kwema humu? Najua jukwaa hili la michezo ni Simba, Yanga na Arsenal kuanzia asubuhi mpaka usiku, na mimi mwenyewe ni mmojawapo. Leo nipeni nafasi niwaletee mtu wa besiboli. Anaitwa Ichiro Suzuki, Mjapani. Alistaafu Machi 2019 akiwa na miaka 45, na mwaka 2025 akaingizwa kwenye Jumba la Umaarufu la mchezo huo pale Cooperstown, jimbo la New York. Waandishi wa habari 394 walipiga kura, 393 wakasema ndiyo. Yule mmoja tutamrudia.

Hoja yangu naiweka mezani mapema ili wabishi mjipange. Mashabiki wake wengi wanamsifia kwa hiti 4,367, za Japani na za Marekani zikijumlishwa. Nasema wanamkosea heshima. Mwamba huyu hahitaji kujumlishiwa chochote.

Kwa wasioujua mchezo, ni hivi. Mrushaji anarusha mpira, mpigaji amesimama na fimbo. Akiupiga na kukimbia akafika kituo cha kwanza salama, hiyo ni hiti. Akiupiga ukavuka ukuta wa uwanja, anazunguka vituo vyote vinne taratibu akipunga mkono, hiyo inaitwa homurani, na ndiyo inayouza tiketi. Sasa shikeni hili: mpigaji anayepata hiti mara tatu katika kila mara kumi ni staa mkubwa. Anakosa mara saba na bado anajengewa sanamu.

Kazaliwa tarehe 22 Oktoba 1973, akakulia Toyoyama, mji mdogo pembeni ya Nagoya. Baba yake, Nobuyuki, alianza kumnoa akiwa na miaka saba. Kila siku baada ya shule ni kurusha, kudaka, kupiga, halafu jioni wanakwenda sehemu ya kulipia yenye mashine ya kurusha mipira, anaanza upya. Baridi ya kule si mchezo, lakini mzee hakujali. Ichiro alipokuwa mtu mzima alisema wazi kwamba yale mazoezi yalikaribia kuwa unyanyasaji na kwamba aliumia sana. Nalitaja kwa sababu kuna wazazi humu watasoma huu uzi na kesho asubuhi wamwamshe mtoto saa kumi.

Dogo ni wa mkono wa kulia, anarusha kwa kulia, lakini mzee akamfundisha kupiga kwa kushoto. Mpigaji wa kushoto anasimama karibu zaidi na kituo cha kwanza, kwa kama hatua moja au mbili hivi. Hizo hatua ndizo zilizomlisha maisha yake yote, shikilieni hapo.

Naendelea chini, msijaze uzi kwanza.

Kijana wa Pwani

Nimekaa mbele kabisa. Tiririka mkuu.

Mzee wa Kona

Alipomaliza sekondari pale Aikodai Meiden, timu za kulipwa hazikumgombania. Mwaka 1991 timu ya Orix BlueWave ya Kobe ilimchukua kwenye raundi ya nne ya kuchagua vijana. Kwanza alikuwa mwembamba. Halafu alikuwa na mtindo wake wa ajabu wa kupiga: anainua mguu wa mbele, anauzungusha kama timazi la saa ya ukutani, na mpira ukifika mwili wote tayari umeshaanza kuelekea kituo cha kwanza. Kocha Shozo Doi hakuupenda. Mwaka 1993 dogo akapiga homurani yake ya kwanza dhidi ya Hideo Nomo, mmoja wa warushaji waliokuwa wakiogopwa nchi nzima, na bado akarudishwa timu ya chini.

1994 akaja kocha mpya, Akira Ogi, naye akafanya mambo mawili. Alimweka awe wa kwanza kupiga kwenye safu, akamwambia piga unavyojua. Na akambadilishia jina la jezi. Suzuki kule ni kama Juma kwetu, ukiita uwanjani wanageuka watu arobaini. Mgongoni akaandikwa Ichiro tu, basi.

Mwaka huo huo alipata hiti 210 katika mechi 130. Hakuna mtu Japani aliyewahi kufikisha 200 kwa msimu kabla yake. Kuanzia hapo akawa mpigaji bora wa ligi yake miaka saba mfululizo, 1994 mpaka 2000, na mchezaji bora wa ligi mara tatu mfululizo.

Katikati hapo kuna jambo zito. Tarehe 17 Januari 1995 tetemeko la ardhi liliipiga Kobe, watu zaidi ya 6,000 wakafa. Palizungumzwa habari ya timu kucheza kwingine, lakini ikabaki mjini, wachezaji wakivaa kwenye mkono wa jezi maandishi ya kuitia moyo Kobe. Mwaka huo wakachukua ubingwa wa ligi yao ya Pacific, na 1996 wakachukua ubingwa wa Japani kwa kuwafunga Yomiuri Giants, timu tajiri ya Tokyo.

MamaZuu

Samahani kaka, umesema ni mlinzi wa upande wa kulia. Analinda nini? Mbona yote ni kupiga?

Mzee wa Kona

Dada yangu, swali limekuja wakati wake. Timu moja ikiwa inapiga, nyingine inalinda. Walinzi watatu wanakaa mbali kabisa, kwenye nyasi za nyuma: kushoto, kati na kulia. Kazi yao ni kudaka mipira mirefu kabla haijagusa chini, na kuirudisha haraka ili wakimbiaji wasiendelee kuvuna vituo. Wa kulia ndiye anayetakiwa kuwa na mkono wenye nguvu kuliko wenzake, kwa sababu kituo cha tatu kiko mbali naye kuliko vyote.

Sasa twende 11 Aprili 2001, Oakland. Ichiro ana siku chache tu Marekani. Terrence Long wa Oakland yuko kituo cha kwanza, mwenzake anapiga mpira kwenda kulia. Long anavuka cha pili, anaona ni jambo la kawaida tu kuendelea mpaka cha tatu, hata wewe ungeendelea. Ichiro anauokota na kuuachia. Mpira haukupanda kama mipira ya mbali inavyopanda, ulikwenda umenyooka kwa chini mpaka kwenye glavu ya mlinzi wa kituo cha tatu, ambaye hakuhitaji hata kusogea. Long katolewa. Mtangazaji wa redio wa Seattle akaufananisha na mwali wa leza, na mpaka leo video hiyo inazunguka.

Baada ya hapo wakimbiaji wa timu nyingine walianza kusimama mapema kila mpira ulipokwenda upande wake. Hizo ndizo kazi za mlinzi zisizoingia kwenye takwimu: vituo ambavyo watu waliogopa kuvijaribu. Tuzo ya Gold Glove, ya walinzi bora, alichukua mara kumi mfululizo.

KE_Raundaz

Salamu kutoka Kisumu. Huku shuleni wasichana tulicheza raundaz, mchezo wa kupiga mpira na kukimbia vituo unaofanana na huu, kwa hiyo nafuata vizuri kabisa. Lakini umeruka kitu, alifikaje Marekani?

Mzee wa Kona

Sijaruka, mmeniingilia! Kwa utaratibu wa wakati ule, klabu ya Japani ikikubali kumwachia mchezaji, timu za Marekani zinapeleka dau kwenye bahasha, wa juu anapata haki ya kuzungumza naye. Seattle Mariners waliweka dola milioni 13.125, hizo ni za Orix, mshahara wake mbali. Mwenye hisa nyingi za Mariners wakati huo alikuwa Hiroshi Yamauchi wa Nintendo, kwa hiyo mlango ulikuwa umeshafunguliwa kidogo.

Wajapani waliomtangulia kule walikuwa warushaji, akiwemo huyo huyo Nomo. Wa kupiga na kulinda kila siku hakuwepo hata mmoja, na maneno yalikuwa mengi: ni mdogo, hatamudu kasi ya mipira ya Marekani, mechi 162 zitammaliza. Akapewa jezi namba 51, iliyokuwa ya Randy Johnson, mrushaji aliyeabudiwa pale Seattle. Ichiro akamwandikia kumuahidi kwamba hataiabisha namba hiyo.

Matokeo ya 2001: hiti 242, wastani .350 (yaani hiti 35 katika kila mara 100 za kupiga), vituo vya kuiba 56, yaani kuchomoka kwenda kituo kinachofuata bila kusubiri mwenzake apige. Akawa mchezaji bora wa American League, moja ya ligi mbili kubwa za kule, na pia mchezaji bora kati ya wanaoanza ligi, kwa mwaka mmoja, jambo ambalo kabla yake alilifanya Fred Lynn peke yake, 1975. Mariners wakashinda mechi 116, sawa na rekodi ya Chicago Cubs ya 1906. Halafu wakatolewa na Yankees hatua moja kabla ya fainali. Mpaka anastaafu hakuwahi kucheza World Series, yaani hiyo fainali. Wanaopenda kuhesabu makombe, hapo mna cha kusema.

Nyamwezi wa Minnesota

Mkuu nakuheshimu, lakini nakaa huku na nimeusikia mjadala huu kazini mpaka nimechoka. Wazee wa huku wanasema Ichiro alikuwa anadonoa. Chukua 2004, mwaka wa rekodi yake: hiti 262, kati ya hizo 225 zilimfikisha kituo cha kwanza tu. Homurani nane. Maisha yake yote ya Marekani, misimu 19, ana homurani 117. Barry Bonds, mfalme wa homurani wa enzi hizo, alipiga 73 ndani ya 2001 peke yake. Isitoshe Ichiro hakuwa na subira ya kusubiri mipira mibovu ili apewe kituo cha bure. Mwaka huo wa 2004 Bonds alifika kituoni zaidi ya mara sita katika kumi, Ichiro mara nne na kidogo. Sasa nani ni bora?

Kijana wa Pwani

Aisee. Moto umewaka.

Mzee wa Kona

Takwimu zako ziko sawa, mkuu, sikatai hata moja. Ukiniambia nichague mpigaji mmoja wa msimu ule nishinde mechi, nachukua Bonds kabla hujamaliza sentensi. Na sitaingia kwenye habari za dawa za kuongeza nguvu zilizoutikisa mchezo miaka ile, maana huo ni uzi mwingine wa kurasa hamsini.

Ila wazee wako wanaposema anadonoa wanadhani ni bahati. Siyo. Jamaa anapiga mpira unadunda taratibu kuelekea kwa mlinzi wa karibu na vituo, mlinzi anauokota vizuri, anarusha vizuri, na bado amechelewa. Hakufanya kosa lolote! Ile hatua ya kusimama kushoto, ile timazi ya mguu, mwili kuanza kukimbia kabla fimbo haijamaliza safari, yote ni hesabu ya kumwibia mlinzi nusu sekunde. Walinzi wakisogea mbele kumzuia, anaupitisha juu ya vichwa vyao. Wakirudi nyuma, anaudondosha mbele yao. Kwenye mazoezi alikuwa anazipeleka nje ya ukuta moja baada ya nyingine mpaka wenzake wanabaki kumtazama. Nguvu alikuwa nazo. Aliamua kutozitumia kwa sababu homurani nyingi zaidi zingekuja na makosa mengi zaidi. Uamuzi huo unaweza kuupinga, na mimi nadhani kuna misimu Mariners walihitaji kitu kingine, lakini usiuite udhaifu.

Halafu hiyo rekodi ya 262 aliyoivunja ilikuwa ya George Sisler, hiti 257, mwaka 1920. Miaka 84 wamepita wapigaji wote wakubwa unaowasikia, hakuna aliyeigusa. Tarehe 1 Oktoba 2004, Seattle, dhidi ya Texas Rangers, alipoivuka, alikwenda pembeni ya uwanja kuwasalimia binti wa Sisler na jamaa wengine wa familia yake waliokuwa wamealikwa. Mwaka 2009, alipokwenda St. Louis kwenye mechi ya mastaa, akazuru kaburi la Sisler pamoja na mkewe. Hakuna aliyemtuma.

Nyamwezi wa Minnesota

Hapo kwenye kaburi umenipata. Kwenye kupiga bado nabisha.

Mtu Kwao

Mimi nimemjua kwa ile ya 2007, mechi ya mastaa pale San Francisco. Alipiga mpira ukagonga ukuta ukaruka kona ambayo mlinzi hakuitegemea, yeye akakimbia vituo vyote vinne, homurani bila mpira kutoka nje ya uwanja. Ya kwanza kwenye historia ya mechi hiyo. Na kabla ya mechi hizo za mastaa alikuwa anasimama chumbani anatoa hotuba ya matusi ya Kiingereza kuwatukana wapinzani, chumba kizima kinavunjika mbavu, kwa sababu nje mbele ya kamera alikuwa haongei bila mkalimani.

Mzee wa Kona

Hahaha, hiyo ni kweli, David Ortiz na wengine wameisimulia. Na Kispanyola cha mitaani alikijua, akikitumia kuwachokoza wachezaji wa Amerika ya Kilatini akifika kituoni.

Sasa turudi kwenye hoja yangu, kabla jua halijazama. Tarehe 15 Juni 2016, San Diego, akiwa na Miami Marlins, Ichiro alipata hiti ya 4,257 ukijumlisha 1,278 za Japani. Rekodi ya Marekani ni ya Pete Rose, 4,256. Magazeti ya Japani yakaandika ni mfalme mpya wa dunia. Rose akakasirika, akasema kesho watahesabu na hiti za sekondari. Rose alikuwa amefungiwa tangu 1989 kwa kucheza kamari, alifariki Septemba 2024, na mwaka 2025 ndipo jina lake likaondolewa kwenye orodha ya waliofungiwa. Kwa hiyo unaweza kuelewa kwa nini namba ile ilikuwa kitu pekee alichobaki nacho.

Na ukweli ni kwamba Rose ana hoja. Ligi ya Japani ilikuwa na mechi chache kwa msimu, na kiwango cha warushaji hakilingani moja kwa moja. Ukianza kujumlisha unafungua mlango wa mabishano yasiyokwisha.

Lakini tazama kilichobaki ukizitupa zote za Japani. Jamaa kaanza Marekani akiwa na miaka 27, umri ambao wachezaji wengi wameshafika kileleni. Miaka kumi ya kwanza, 2001 mpaka 2010, hakuna msimu hata mmoja alioshuka chini ya hiti 200. Jumla 2,244. Rose naye ana misimu kumi ya hiti 200, ila hakuipata mfululizo. Tarehe 7 Agosti 2016, Denver, akafikisha 3,000 za Marekani kwa mpira uliogonga ukuta akafika kituo cha tatu, akiwa mtu wa 30 tu kuifikia namba hiyo. Akamaliza na 3,089, wastani .311, vituo vya kuiba 509. Hiyo 3,089 iliyoanza miaka 27 inamtosha. Mwenye kumwongezea 1,278 anatoa picha kwamba bila hizo angepungukiwa.

KE_Raundaz

Hapo sasa nakubaliana nawe, lakini kwa Mjapani aliyemwona Kobe mwaka 1995, hizo 1,278 ndizo tamu kuliko zote. Huwezi kumwambia hazihesabiwi.

Mzee wa Kona

Zihesabiwe, ila kwenye daftari lake. Jumba la Umaarufu la Japani nalo lilimchagua Januari hiyo hiyo ya 2025, kwa hiyo kila nchi imemlipa kwa kazi yake. Na kama ni kuwapa Wajapani utamu, fainali ya dunia ya 2009 pale Los Angeles dhidi ya Korea Kusini ilitosha. Mashindano mazima alikuwa hapigi kitu, watu wamekata tamaa naye, halafu muda wa nyongeza akapiga hiti ya kuingiza pointi mbili, 5-3, kombe la pili mfululizo.

Jirani wa Kampala

Nyie wa huko mnasimulia, sisi Uganda tunacheza. Watoto wetu walifuzu mashindano ya dunia ya watoto kule Marekani mwaka 2011 wakanyimwa viza, 2012 timu ya Lugazi ikaenda, ya kwanza kutoka Afrika.

Mtu Kwao

Jirani usitambe sana. Hapa Dar pale Azania sekondari kuna uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Wajapani. Polepole tutafika.

MamaZuu

Kaka, yule mpiga kura mmoja yuko wapi? Umesema tutamrudia.

Mzee wa Kona

Hakujitokeza mpaka leo! Ichiro baada ya matokeo alisema angependa kumwalika nyumbani kwake wanywe na kuzungumza. Ilipofika siku ya kuingizwa, 27 Julai 2025, akatoa hotuba yake yote kwa Kiingereza, yeye aliyetembea na mkalimani miaka yote ile, na katikati akasema ule mwaliko umekwisha muda wake. Pia akawaambia Miami Marlins kwamba walipompigia simu kumpa mkataba wa 2015 hakuwa hata amewahi kusikia jina la timu yao.

Nyamwezi wa Minnesota

Niliiangalia, nilicheka sana hiyo ya Marlins. Sasa hivi anafanya nini, kocha?

Mzee wa Kona

Mariners walimpa cheo cha msaidizi wa mwenyekiti, lakini ofisini hakai. Kabla ya mechi za nyumbani anavaa jezi kamili, anakimbia, anadaka mipira mirefu na kuwarushia vijana mazoezini. Mwezi Agosti 2025 namba 51 yake ilistaafishwa pale Seattle. Na kila mwaka tangu 2021 anakwenda Japani na timu yake ya ridhaa kucheza na kombaini ya wasichana wa sekondari. Yeye ndiye mrushaji, na hawaachii wapige kirahisi.